Theluji ya Mwezi wa Sita na Hesabu ya Mvua Zetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, azipelekaye pepo zikayasukuma mawingu, akaihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, kila tunaposimama kumsalia maiti, baada ya takbiri ya tatu humwombea kwa maneno tuliyoyapokea kwa Mtume s.a.w., tukamtaka Mwenyezi Mungu amwoshe ndugu yetu kwa maji, na kwa thalji, na kwa baradi. Hiyo thalji ndiyo theluji, na baradi ni mvua ya mawe. Ni wangapi katika sisi tuliomo safuni ambao wamepata kuiona theluji kwa macho yao? Mji wetu ni mji wa joto na chumvi na minazi. Hata hivyo hapana azikwaye hapa ila ameombewa kwa theluji. Wanavyuoni wamesema kuwa dhambi humpeleka mtu motoni, basi ikafaa aombewe vitu vya baridi na vilivyo safi, ambavyo mkono wa mwanadamu haujavigusa.

Tumeanza kwa neno hili kwa sababu theluji imekuwa mazungumzo ya mabaraza yetu. Kila ifikapo mwezi wa nne na wa tano, vijana wetu walioko Ulaya hutuletea picha katika simu: miti imekwisha kuchanua maua, majira ya baridi yamepita, na mara theluji yaanguka juu ya maua. Picha hizo hupita mkono hata mkono baada ya sala ya alasiri, na watu hutoa hukumu. Tumesikia hukumu tatu. Wa kwanza wasema: "Twaambiwa dunia yapata moto, na hii theluji ya nini? Ni uwongo wa Wazungu." Wa pili wasema: "Hiyo ni adhabu ya makafiri, sisi hayatuhusu." Na wa tatu wasema: "Mvua na theluji ni ghaibu. Mwenye kuzipima na kuzitabiri ameingilia kazi ya Mungu. Na tukae tungoje."

Lau yangekuwa mazungumzo ya baraza tu, tusingalichukua kalamu. Lakini neno la tatu tulipata kulisema sisi wenyewe, na likaleta madhara. Mwezi wa kumi wa mwaka 2023, darsani mwetu, mtu mmoja alituuliza: "Masheikh, watu wa hali ya hewa wasema vuli ya mwaka huu itazidi ada. Mwatupa shauri gani?" Tukamjibu kwa haraka: "Mvua ni ya Mungu, hapana aijuaye." Neno hilo ni kweli, lakini kweli iliyokatwa nusu yaweza kumdhuru mtu kama uwongo. Yule mtu akaondoka bila ya shauri lolote. Mwezi uliofuata maji yakaingia usiku katika nyumba ya mama yake, mjane akaaye bondeni. Yakaharibu gunia la unga, na mikeka, na misahafu iliyokuwa rafu ya chini, na kisima cha uani kikachanganyika na maji ya choo. Tulipokwenda kumpa pole hakutulaumu. Alitukaribisha, akasema, "Mungu akipenda yatapita, wanangu." Tukarudi tumeinamisha vichwa. Basi maneno haya ni mawaidha kwenu, na kwetu sisi ni toba.

Tuanze na neno la kwanza, la wale waonao kuwa theluji moja huvunja hesabu yote.

Tarehe 2 Juni mwaka 1975, katika mji wa Buxton ulio katika jimbo la Derbyshire, Uingereza, watu walikuwa wakicheza kriketi. Mwezi wa sita kwao ni mwanzo wa majira ya joto. Theluji ikaanguka, uwanja ukawa mweupe, mchezo ukasimama. Sababu yake yajulikana: upepo wa kaskazini ulishuka kutoka pande za ncha ya dunia, ukaleta baridi ya huko juu ya nchi iliyokwisha kuanza kupata joto. Mtu aliyesimama uwanjani siku ile angaliweza kuapa kuwa Uingereza imerudi katika baridi. Lakini haikupita hata juma, joto likarudi, na majira yale yakawa ya joto. Na mwaka uliofuata, 1976, nchi ile ile ilipatwa na jua ambalo wazee wao hulisimulia hata leo. Tangu tarehe 23 Juni hata tarehe 7 Julai, siku 15 mfululizo, joto lilifika nyuzi 32 au zaidi katika pahali pamoja au pengine pa nchi hiyo. Mito ikapungua, na watu wakapanga foleni mabombani na ndoo mikononi.

Basi ni ipi iliyosema kweli juu ya hali ya nchi ile, theluji ya Buxton au jua la mwaka wa pili? Hapana hata moja kati ya hizo. Siku ni siku, na tabia ya nchi ni kitu kingine. Mwenye duka katika nyinyi anajua jambo hili kuliko sisi. Siku moja hapati mteja hata mmoja. Siku ya pili watu wamejaa mpaka barazani. Hawezi kusema kwa siku ile moja kuwa duka limekufa, wala kwa siku ya pili kuwa amekuwa tajiri. Hufungua daftari, akahesabu mwaka mzima, akalinganisha na miaka iliyopita, ndipo ajue biashara yaelekea wapi. Asiyekuwa na daftari hubaki kubishana na moyo wake.

Na Waingereza daftari wanalo. Kulikuwa na mtaalamu wao mmoja, Gordon Manley, aliyetumia miaka mingi ya umri wake kukusanya maandishi ya watu wa zamani waliokuwa wakipima joto majumbani mwao na kuliandika. Akayasahihisha na kuyaunganisha, hata mwaka 1974 akatoa hesabu ya joto la nchi ya kati ya Uingereza, mwezi kwa mwezi, tangu mwaka 1659. Hapana duniani hesabu ya kipima-joto iliyo ndefu kuliko hiyo. Ndani yake mna miaka ya baridi kali na miaka ya joto, yapanda na kushuka kama mawimbi. Lakini atazamaye mawimbi kwa muda mrefu huona kama maji yajaa au yapwa. Mwaka 2022 ulipokwisha ulipatikana kuwa wa joto kuliko miaka yote iliyoutangulia katika daftari hilo, na tarehe 19 Julai ya mwaka huo joto lilipita nyuzi 40 huko Coningsby, jambo ambalo halijapata kupimwa Uingereza kabla yake. Theluji za majira ya maua zimo daftarini pia, na maji yajaa vile vile.

Ama neno la pili, kuwa haya ni adhabu ya wengine, hilo ni zito zaidi, kwa kuwa ndani yake mna kiburi.

Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume s.a.w., katika mwaka wa kumi wa Hijra, jua lilipatwa siku ile ile. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba wa nyumba ya Mtume. Lau angalikuwa mtu wa kutafuta ukubwa, angalinyamaza, na kunyamaza kwake kungalitosha. Bali aliwakataza, naye ana huzuni ya mwana, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Mambo mawili kutukia pamoja si dalili kuwa moja limezaliwa na lingine.

Mwaka ule wa 1976 Waingereza nao walipata mtihani huu. Ukame ulipozidi, mwishoni mwa mwezi wa nane, serikali yao ilimweka Denis Howell kuwa waziri wa mambo ya ukame. Hazikupita ila siku chache, mvua ikanyesha kwa wingi. Wenyewe walicheka. Lakini lau jambo kama hilo lingalitukia kwetu, na badala ya waziri akawa mganga aliyepewa mbuzi mweusi, au ng'ombe aliyezungushwa mji na kuchinjwa, nani katika sisi angalicheka? Tungaliambiana kuwa kafara imekubaliwa, na mwaka wa pili tungalimwongezea mganga mbuzi wa pili. Mvua iliyokuwa njiani haikumngoja waziri wala mganga.

Wala asidhani mtu kuwa dhiki ya mvua huwashukia makafiri peke yao. Mwaka wa 18 wa Hijra mvua ilizuilika Bara Arabu, ardhi ikawa kama jivu, hata mwaka huo ukaitwa Mwaka wa Jivu. Waliopatwa ni nani? Ni watu wa Madina, masahaba wa Mtume, na khalifa wao ni Sayyidna Umar r.a. Sayyidna Umar hakusema kuwa haya hayatuhusu. Alijizuia samli na nyama mpaka watu wapate nafuu, akawaandikia maliwali wake walete chakula kutoka nchi zenye neema, kisha akatoka na watu kuomba mvua, pamoja na Abbas, ami yake Mtume. Aliandika barua na aliinua mikono. Wala barua haikupunguza dua yake, wala dua haikumzuia kuandika barua.

Na Bibi Aisha r.a. ametusimulia kuwa Mtume s.a.w. alipoona wingu zito au upepo mkali uso wake ulibadilika, akawa aingia na kutoka, mpaka mvua inyeshe ndipo atulie. Alipomwuliza mbona watu wengine hufurahi waonapo wingu, alimkumbusha habari ya kina Ad, waliolifurahia wingu likielekea mabonde yao, wakalidhania ni mvua, kumbe ni upepo wenye adhabu, kama ilivyo katika Suratul Ahqaf. Ikiwa Mtume, aliyesamehewa yaliyotangulia na yatakayokuja, hakujidhania salama mbele ya wingu, sisi tumeipata wapi amani hii?

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratur Rum kuwa uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu, ili awaonjeshe baadhi ya waliyoyatenda, wapate kurejea. Zamani tulikisoma kisa hiki tukifikiria dhuluma na zinaa na kupunja mizani, na hayo yamo. Lakini leo mchumo wa mikono wapimwa kwa hesabu. Kabla ya viwanda vya makaa na mafuta, hewa ya dunia ilikuwa na sehemu kama 280 za hewa ya kaboni katika kila sehemu milioni. Mwaka 1958 walipoanza kuipima kila siku katika mlima wa Mauna Loa, ilikuwa kama 315. Leo imepita 420. Hewa hiyo hulizuia joto lisitoke, mfano wa blanketi juu ya mtu mwenye homa. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopata kupimwa duniani. Na hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, kama sehemu 7 katika 100 kwa kila nyuzi moja. Ndiyo sababu mvua ikishuka hushuka kwa kishindo, na jua likiwaka hukausha upesi. Mataifa makubwa yenye viwanda ndiyo yaliyochuma sehemu kubwa ya haya, na haki yataka waulizwe. Lakini mikoko iliyokatwa katika hori zetu hawakuikata wao, wala mitaro yetu hawakuiziba wao kwa mifuko ya plastiki.

Sasa tuje kwenye neno la tatu, neno letu sisi, la ghaibu.

Ni kweli kuwa katika Suratu Luqman Mwenyezi Mungu ametaja mambo ambayo ujuzi wake uko kwake, na kuteremsha mvua ni katika hayo. Na ni kweli kuwa huko Hudaibiya, baada ya mvua ya usiku, Mtume s.a.w. aliwajuza masahaba kuwa watu wamepambazukiwa makundi mawili: aliyesema tumenyeshewa kwa fadhila ya Mungu, huyo ni muumini, na aliyesema tumenyeshewa kwa nyota fulani, huyo ameiamini nyota. Lililokatazwa ni kuipa nyota kazi ya Mola. Halikukatazwa kutazama dalili alizoziweka Mola mwenyewe. Amesema katika Suratur Rum kuwa yeye huzipeleka pepo zikayatimua mawingu, na katika Suratun Nur kuwa huyakusanya na kuyarundika, kisha ukaona mvua ikitoka kati yake. Basi ametueleza sababu na mpango wake. Mwenye kuutazama mpango huo anasoma alichoandikiwa.

Wazee wetu wa baharini walijua haya. Nahodha wa jahazi hakutweka kwenda Arabuni kaskazi ikivuma, wala hakutoka katikati ya kusi kali. Alingoja msimu wake, na neno lenyewe, msimu, tumelitoa katika Kiarabu, mausim. Hapana sheikh aliyemwambia nahodha: "Umekufuru kwa kuwa wajua kusi itaingia mwezi wa nne." Walijua kuwa nahodha hadai ghaibu. Anakisia kwa dalili, na baada ya kukisia husema insha Allah. Mwenye kupima hali ya hewa leo hana zaidi ya hayo, ila vyombo vyake vyaona mbali. Huona kwamba maji ya bahari upande wetu yakipata moto kuliko ada, na upande wa Indonesia yakapoa, mvuke huelekea kwetu na vuli huwa kubwa. Yalikuwa hivyo mwaka 1961, na 1997, na 2019, na 2023. Na mambo yakigeuka, vuli hutoroka. Hukisia, na mara nyingine hukosa, kama nahodha alivyoweza kukosa. Kukosa kwake si sababu ya kutomsikiliza, kama vile tabibu akikosa mara moja hatuachi kumwita.

Na Nabii Yusuf a.s. ndiye kigezo. Aliambiwa ndoto ya ng'ombe saba na mashuke saba. Hakusema, "Mungu ajua, ngojeni." Aliwaamuru walime miaka saba, na watakachovuna wakiache mashukeni mwake ila kichache cha kula, kwa kuwa inakuja miaka saba ya dhiki. Ndoto ile ilikuwa ya wahyi, wala sisi wahyi hatuna. Lakini shauri lake, kuweka akiba siku ya neema kwa ajili ya siku ya shida, halihitaji wahyi kulifuata. Na Sayyidna Umar alipokataa kuingia Sham wakati wa tauni, akaulizwa kama aikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa aikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Yule mjane wa bondeni, lau tungalimwambia apandishe unga na misahafu juu, asafishe mtaro, akalale kwa bintiye usiku wa mvua kubwa, angalikuwa ndani ya kadari vile vile.

Ndugu zetu, hata hesabu si jambo geni kwetu. Wazee wetu waliugawanya mwaka kwa miongo tangu siku ya Nairuzi, kila mwongo siku kumi, na kwa miongo hiyo mkulima akajua wakati wa kupanda na baharia wakati wa kusafiri. Hiyo ilikuwa ilimu, na yastahili heshima. Lakini ilikuwa na upungufu wa namna mbili. Kwanza, mwaka wa siku 365 bila ya nyongeza huteleza siku moja katika kila miaka minne, hata Nairuzi ikahama majira yake. Na pili, mvua yenyewe haikuandikwa. Tulihifadhi majina ya miongo, tusihifadhi kiasi cha mvua kilichonyesha ndani yake.

Basi leo tukibishana kama mvua za mwaka zimepungua, kila mmoja husema kwa kumbukumbu yake, na kumbukumbu hushika msiba wa karibu. Waliopima wametuambia hivi: mvua za mwaka, yaani masika, zilipungua katika nchi yetu tangu miaka ya 1980 kwa muda mrefu, kisha zikaja kwa nguvu mwaka 2018, na 2020, na tena 2024, ambapo mafuriko yaliua watu wengi barani. Na kati yake, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mapema 2023, misimu mitano ikafuatana bila ya mvua ya kutosha, ng'ombe wakafa kwa makundi kaskazini, ukame ambao haujaonekana mfano wake kwa miaka 40. Aliyeutazama mwaka 2022 peke yake angalisema mvua imekwisha Kenya. Aliyeutazama mwaka 2024 peke yake angalisema imezidi. Na Mtume s.a.w. ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kuwa mwaka wa shida si ule usiokuwa na mvua tu, bali ni kunyeshewa na kunyeshewa na ardhi isioteshe kitu. Mvua inayopita juu ya ardhi tupu na kuikokota baharini, mafundisho haya yatutosha kuitafakari.

Na theluji yetu sisi, ile iliyoko barani kwetu, yaondoka. Barafu ya Kilimanjaro, katika kila sehemu 100 zilizokuwapo mwaka 1912, zaidi ya 80 hazipo tena. Ile ya Mlima Kenya imebaki vipande. Wengine mjini husema maji ya Mzima yanayoletwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950 ni theluji ya Kilimanjaro iliyoyeyuka. Sivyo. Chemchemi ile hupata maji yake katika milima ya Chyulu, ambako mvua huzama ndani ya mawe meusi ya volkano ikatokea chini. Tumelitaja hili ili tujue kuwa birika la udhu wetu limefungamana na mvua na miti ya mahali ambapo wengi wetu hatujapata kufika. Akatae miti ya Chyulu amegusa birika la msikiti wetu.

Basi la kufanya ni lipi?

La kwanza ni kurejea kwa Mola kwa njia aliyotufundisha Mtume wake. Mvua ikizuilika, tutoke kwa sala ya kuomba mvua, kwa unyenyekevu, pamoja na wazee na watoto wetu, baada ya kurudisha haki za watu. Tuache ng'ombe wa kuzungushwa mji na mbuzi wa baharini. Anas r.a. amesimulia kuwa bedui mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume s.a.w. yuko mimbarini, akamshitakia kuwa mali imeangamia na njia zimekatika. Mtume akainua mikono, mvua ikanyesha juma zima. Ijumaa ya pili akaja mtu akashitakia mafuriko. Mtume hakuomba mvua ikatike kabisa. Aliomba iwe pembezoni mwao isiwe juu yao, juu ya vilima na mabonde na mizizi ya miti. Katika dua hiyo mna adabu na mna ilimu: mvua ina mahali pa kushukia, na mizizi ya miti ni mahali pake.

La pili ni kutopoteza maji. Mtume s.a.w. alitawadha kwa mudi moja, nayo ni kiasi cha viganja viwili vilivyojaa, na sisi twafungua bomba mpaka mwisho wa dua. Misikiti yetu ya zamani ilikuwa na visima na mabirika. Tuyarudishe, tukinge maji ya mapaa yake siku za mvua. Na mitaro ya mitaa tuisafishe kabla ya mwezi wa tatu na kabla ya mwezi wa kumi, kila mtaa vijana wake. Kuondoa dhara njiani ni tawi la imani, na mtaro ulioziba ni dhara.

La tatu, tukiletewa habari ya tufani au mafuriko tufanye kama tulivyoamrishwa katika Suratul Hujurat: tuihakikishe. Tuulize Idara ya Hali ya Hewa, tusifuate sauti isiyojulikana mwenyewe iliyopita katika simu. Ikithibiti, itangazwe misikitini baada ya sala, na wajane na wagonjwa wa bondeni watafutiwe pa kulala.

La nne ni daftari. Tumekwisha kuliazimia, nasi twaomba msaada wenu. Kila madrasa iweke kipimo cha mvua uani, mbali na ukuta na mti. Kila asubuhi saa tatu mwanafunzi mmoja asome kipimo, aandike, kisha amwage. Aandike tarehe mbili, ya Hijra na ya jua, kwa sababu miezi yetu ya mwandamo huzunguka majira yote: mzee aliyefunga Ramadhani 33 amefunga katika kaskazi, na mvua za mwaka, na kusi, na vuli. Daftari hilo halitatunufaisha sisi. Litawanufaisha wajukuu wa hao watoto, watakapokaa barazani wakabishana kama sisi, mmoja wao akainuka akalileta.

La tano ni kupanda. Mtume s.a.w. ametuagiza kuwa Kiyama kikisimama na mkononi mwa mmoja wetu mna mche wa mtende, na akiweza kuupanda, na aupande. Basi mwenye kusema kuwa haya ni alama za Kiyama, na hapana haja ya kufanya kitu, amelisahau agizo hili. Mikoko ya hori zetu huzuia bahari na hulea samaki. Upandaji wake ni sadaka inayoendelea.

Ndugu zetu, iko siku kila mmoja wetu atalazwa mbele ya safu, amekwisha kuoshwa kwa maji na kuvikwa nguo nyeupe, na watu wataomba aoshwe tena, kwa theluji na baradi. Siku hiyo hatutaulizwa kwa nini theluji ilianguka Uingereza mwezi wa sita. Twahofia kuulizwa juu ya jirani wa bondeni, tuliyejua habari yake tukamjibu neno nusu. Tumemwomba radhi yule mama, na Mwenyezi Mungu twamwomba maghufira.

Ewe Mola wetu, tunyweshe mvua ya rehema, wala usitunyweshe mvua ya adhabu wala ya kubomoa wala ya kugharikisha. Ijaalie pembezoni mwetu isiwe juu yetu. Tupe ilimu yenye manufaa, na unyenyekevu wa kukubali makosa yetu tukiwa bado hai. Amin.

Wabillahi tawfiq.